Anayetuza Naye Hutunga: Kuhakiki Wimbo wa Taarab

Mwalimu aliyekulia upande huu wa Mombasa akifika kwenye mada ya nyimbo, kipindi huweza kumwishia akisimulia. Atakueleza harusi za usiku huku Miritini, miaka mingi kabla ya kituo cha reli mpya kufunguliwa mwaka wa 2017: turubai limefungwa uani, majamvi yametandikwa, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Atawataja Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Kisha atahitimisha kwamba nyimbo za zamani zilikuwa na maana, za siku hizi ni kelele tu.

Nami niliwahi kusema hivyo darasani. Mwanafunzi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hiyo maana ilikuwa wapi?" Sikuwa na jibu. Makala haya yananuia kumjibu, kwani swali lake ndilo linalomkabili kila mtahiniwa wa karatasi ya fasihi.

Maneno peke yake

Tuanze na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka wa 2014. Nyingi ya nyimbo zake zilitungwa na jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971). Ukilisoma shairi la mtunzi huyo utahesabu vina na mizani, utaje bahari yake, na alama utapata. Lakini Bhalo alilitia shairi katika mahadhi, mengi yakifuata yale ya filamu za Kihindi. Mshororo ulirudiwa, neno likavutwa, ala nazo zikapewa zamu.

Watahiniwa wengi hudai kuwa taarab si fasihi simulizi kwa sababu mashairi yake huandikwa. Dai hili ni nusu ya ukweli. Shairi likiwa kitabuni ni fasihi andishi. Likiimbwa mbele ya hadhira inayoweza kulijibu papo hapo, linapata sifa za usimulizi: utendaji na ushirikishi wa hadhira.

Nafasi ya mtuzaji

Je, hadhira hujibuje? Hujibu kwa kutuza. Chukulia wimbo unaomlalamikia ndege aliyefugwa kwa mapenzi, kisha akahamia tundu la jirani. Kwenye karatasi, hii ni istiari ya usaliti, basi. Chini ya turubai, mwanamke anainuka katikati ya ubeti, anakwenda kwa madaha hadi kwa mwimbaji, anamtuza noti huku akimtupia jicho mwenzake aliyeketi. Tangu hapo ndege ana jina, na kila aliyepo analijua. Mwimbaji akiurudia mshororo ule ule, hakuna neno lililobadilika, ila maana imebadilika. Mtunzi pengine hakuwapo. Mtuzaji ndiye aliyelikamilisha fumbo.

Hapo ndipo maana ilipokuwa: uani, baina ya aliyeimba, aliyeinuka na aliyeinamisha kichwa. Kaseti za Mbwana Radio Service zilituhifadhia sauti, hazikumhifadhi aliyeinuka. Aidha, tunazihukumu nyimbo za leo kwa kuzisikia matatuni, kisha tunazilinganisha na zile tulizozishuhudia. Huo si uhakiki wa haki. Kumbukumbu tamu ni malighafi tu. Huwa uhakiki inapoulizwa: nani aliimba, wapi, mbele ya nani, na kukatokea nini?

Kazi iliyobaki

Zein l'Abdin naye alifariki mwaka wa 2016. Wale waliokuwa wakiinuka kutuza sasa ni bibi zetu, na hakuna kitabu kilichoandika walimtazama nani. Mwalimu, wape wanafunzi wako kazi ya nyanjani wangali wapo wa kuulizwa. Nawe mtahiniwa, ukiulizwa kuhusu wimbo usiishie kwenye vina. Mtaje fanani, hadhira, mahali na tukio, kisha ueleze jinsi kila kimoja kinavyochangia maana.

Maswali ya marudio

1. "Wimbo wa taarab hutungwa mara mbili." Jadili.

2. Mhoji mzee mmoja wa mtaani kwako kuhusu harusi aliyoikumbuka zaidi. Eleza mchango wa hadhira katika nyimbo za usiku huo.

3. Linganisha nafasi ya hadhira katika taarab na katika muziki wa bango wa Joseph Ngala wa Freretown.