Kipimo na Kinachopimwa: Uhakiki wa Utafiti wa Hake (1998) kuhusu Ufundishaji wa Fizikia

Ni nadra kusoma tasnifu ya ufundishaji wa fizikia isiyomtaja Richard Hake. Katika makala yake ya mwaka 1998, Hake alichambua alama za wanafunzi 6,542 wa kozi 62, akitumia zaidi jaribio la dhana ya kani lililotungwa na Hestenes, Wells na Swackhamer mwaka 1992. Kwa kila kozi alikokotoa ongezeko la alama kama sehemu ya ongezeko la juu kabisa lililowezekana. Kozi 14 za mihadhara ya kawaida zilipata wastani wa 0.23, kozi 48 za ufundishaji shirikishi zilipata 0.48.

Tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, data nyingi zilitolewa na walimu kwa hiari yao, na mwalimu ambaye darasa lake halikufanya vizuri hana sababu ya kuharakisha kuzituma. Hake mwenyewe hakulificha jambo hili. Wanaomnukuu ndio hulisahau. Aidha, mwaka 2005 Coletta na Phillips walionesha kwamba, katika baadhi ya vyuo, ongezeko hilo huambatana na alama ambazo wanafunzi walianza nazo. Kulinganisha vyuo kwa namba moja kunahitaji tahadhari.

Suala zito zaidi kwetu ni lugha. Mtafiti wa Tanzania anayelitafsiri jaribio hili lazima achague kati ya ‘nguvu’ na ‘kani’. Akiandika ‘nguvu’, mwanafunzi anayejibu kwamba lori lina nguvu kuliko gari dogo yanapogongana anasema jambo ambalo abiria yeyote angelikubali, lakini atahesabiwa kuwa haielewi kanuni ya tatu ya Newton. Akiandika ‘kani’, mwanafunzi aliyesoma fizikia ya sekondari kwa Kiingereza anaweza kukwama kwenye neno kabla hajaifikia dhana. (Kuliacha jaribio katika Kiingereza hakulimalizi tatizo, kunalihamisha tu.) Kosa la kwanza ni la maana, la pili ni la msamiati, na alama ya sifuri haiyatenganishi.

Kwa hiyo, tasnifu zinazokichukua kiwango cha 0.48 kama kigezo cha mafanikio katika madarasa yetu zinajenga juu ya msingi ambao haujakaguliwa. Ukaguzi wenyewe si mgumu: wahojiwe wanafunzi wachache ana kwa ana, kwa lugha waitakayo, waeleze kwa nini walichagua jibu walilolichagua.