Sifa za Utafiti Mdogo

Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayekwenda Ngara au Biharamulo, mkoani Kagera, kutafiti tiba asili hapewi gari wala wasaidizi. Ana nauli, dodoso, rundo la magazeti ya zamani na fremu mbili za mbao za kubania mimea. Nyuma yake yupo msimamizi anayesubiri ripoti. Wengi huiona kazi hiyo kuwa ngazi tu ya kulifikia joho. Mimi naiona kuwa ufundi kamili, na sichoki kuusifu.

Unaanza na adabu. Barua ya chuo na kibali cha maadili hupita kwa Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri na mtendaji wa kata, mpaka kwa mtendaji wa kijiji. Mihuri hiyo inachosha, ila Kanda ya Ziwa ina sababu zake. Mwaka 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli na wengi wakakamatwa. Tangu hapo, mzee anayejua mizizi akimwona kijana na kalamu ana haki ya kumuuliza anaandika kwa ajili ya nani. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 inamtambua mganga aliyesajiliwa, lakini sheria haimfanyi mtu amwamini mgeni. Hilo ni juu ya mgeni mwenyewe.

Kisha linakuja swali. Ukimuuliza mzee, "Dawa hii inatibu malaria?" atakujibu ndiyo, maana si uungwana kumkatisha mgeni tamaa. Aliyefundwa vizuri huuliza, "Mama akikuletea mtoto ana homa, unaanza na nini?" Hapo mzee huinuka, akaenda nyuma ya nyumba kuchuma. Anachota konzi ya majani. Mwanafunzi anaomba ruhusa, anaiweka kwenye mizani ndogo kabla haijatiwa chunguni, kisha anaomba konzi ya pili na ya tatu, kwa sababu mkono haupimi sawa kila mara. Anaandika maji yalikuwa kiasi gani, yalichemka muda gani, kikombe kilikuwa kipi, na ni wakati gani mgonjwa huambiwa, "Sasa nenda zahanati." Mzee akikataa kutaja mmea mmoja kati ya minne, mwanafunzi anaandika "hakutaja" na kuendelea. Katika jedwali zima hakuna ninachokiheshimu kama hilo "hakutaja."

Mmea nao una haki yake. Biharamulo na Ngara wanaishi Wasubi, Wazinza, Wasukuma, Wahangaza na Washubi, na jina moja la kienyeji laweza kubeba mimea miwili tofauti. Kwa hiyo hukatwa tawi lenye ua au tunda, likalazwa kati ya magazeti na kubanwa. Magazeti hayo hubadilishwa kila siku, la sivyo ukungu utakula kila kitu. Wakati wa mvua kwenye vilima vya Ngara karatasi hukauka kwa shida, hivyo fremu hulala karibu na jiko. Kila tawi lina lebo: kijiji, mwinuko, tarehe, jina alilolitaja mzee, namba ya mkusanyaji. Likishahifadhiwa chuoni, mtu yeyote anaweza baada ya miaka mingi kulifungua na kusema mmea ule ndio huu, au sio huu.

Nchi yetu ina urithi wa kazi ya namna hii. Kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na mwaka 1991 kikawa taasisi kamili. Profesa Mainen Moshi na wenzake walipochapisha tafiti zao kuhusu tiba za Kagera, hawakudai kuumaliza mkoa. Mwaka 2009 walitoa ule wa kata ya Bugabo, mwaka 2010 wa Katoro, mwaka 2012 wa kijiji cha Kikuku, Muleba. Kata kwa kata, hadi kijiji. Ndiyo maana tafiti hizo zinaaminika.

Maabara nayo inadai uvumilivu. Kuna kipimo rahisi ambacho chuo kisicho na fedha nyingi kinakimudu: mayai makavu ya kamba wadogo wa maji chumvi, mepesi kama vumbi, huanguliwa ndani ya siku mbili hivi. Kamba kumi hutiwa kwenye kila chupa yenye dawa, na baada ya saa 24 waliokufa huhesabiwa. Kipimo hicho hudokeza sumu tu. Hakithibitishi kwamba dawa inaponya. Hapo ndipo msimamizi mwema anapoonekana. Anakata "inatibu" kwa kalamu nyekundu, anaandika "hutumiwa kutibu," na pembeni anauliza: walisema wangapi?

Ukali huo una faida hadi wodini. Kanda ya Ziwa nzima wakunga wanazijua dawa za miti shamba zinazonywewa kuharakisha uchungu, na wanajua pia kwamba mama akiogopa kukaripiwa hasemi amekunywa nini. Ripoti ya kurasa arobaini inayotaja mmea, kiasi, na mwezi wa mimba ambao hunywewa ingemsaidia muuguzi kuuliza kwa upole na kujua la kuangalia.

Basi nawaomba wasimamizi: msitie saini ripoti ya Ngara au Biharamulo kabla nakala yake, kwa Kiswahili chepesi, haijafika kwa mratibu wa tiba asili wa wilaya, kwenye wodi ya wazazi, na kwa mzee aliyechota konzi zile tatu. Nauli ya safari hiyo ya mwisho iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.