Picha ya Ngadji: Hakimiliki katika Taaluma ya Sanaa

Mhakiki wa ushairi huweza kunukuu beti mbili tatu katika makala yake pasipo kumwomba mtu idhini. Mwenzake wa historia ya sanaa hana nafasi hiyo: akitaka msomaji aione nakshi anayoijadili, hana budi kuichapa nzima. Hapo ndipo anapokutana na hakimiliki, na mara nyingi anayeidai si msanii wala warithi wake. Ni jumba la makumbusho lililopiga picha.

Dai hilo halina nguvu kama lisemavyo. Mwaka 1999, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, mahakama ya New York iliamua ya kuwa picha inayonakili kwa uaminifu mchoro ambao hakimiliki yake imekwisha haina ubunifu wa kuistahilisha ulinzi mpya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya THJ dhidi ya Sheridan (ambayo, ajabu, haikuhusu uchoraji hata kidogo), ilisisitiza ya kwamba kazi lazima idhihirishe uchaguzi huru wa kibunifu wa mwenye kuitunga.

Lakini Bridgeman ilihusu vitu bapa. Sehemu kubwa ya sanaa ya Afrika Mashariki si bapa: vigango, viti vya enzi, milango ya kuchongwa, ngoma. Anayevipiga picha huchagua pembe, mwanga na kivuli, na kwa uchaguzi huo sheria yaweza kumpa hakimiliki. Basi mchoro mkongwe wa Ulaya hufunguka kwa wote, ilhali kitu kilichochukuliwa Afrika hufungwa mara mbili, ghalani na katika leseni.

Mfano ni ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyotwaliwa wakati wa utawala wa Waingereza na ambayo tangu 1908 imo British Museum, London. Picha nyingi za mtandaoni za jumba hilo zimetolewa kwa leseni inayoruhusu matumizi yasiyo ya biashara. Je, kitabu cha kitaaluma kinachouzwa dukani ki upande gani? Mwandishi mwangalifu atalipa, au ataiacha picha. Na kitabu kihusucho ngadji kitatoka bila ngadji.

Hata hivyo, wanaotaka kila picha iachwe huru wanakwenda mbio mno. Ngoma hii ilikuwa ya kufichwa, wala haikutazamwa na kila mpita njia. Ripoti ya Sarr na Savoy ya 2018, iliyoandikwa kwa serikali ya Ufaransa, ilipendekeza picha za vitu vinavyorejeshwa Afrika ziwekwe wazi kwa wote. Wataalamu wa hakimiliki waliikosoa: uamuzi huo ni wa jamii yenye kitu.

Liko pia suala la maelezo. Mradi wa International Inventories Programme, ulioshirikisha National Museums of Kenya, ulikusanya rekodi za vitu zaidi ya 32,000 vya Kenya vilivyo ng'ambo. Ni kazi ya kusifiwa. Ila faili huhamishwa kutoka chombo hadi chombo pamoja na makosa yake, na rekodi iliyoandikwa kwa Kiingereza kuwa ni ngoma tu haitampata Mpokomo atafutaye ngadji. Jina la mti wake, la ngozi yake, la wazee wenye idhini ya kuipiga, yote hayo huulizwa kwa wasemaji wa Kipokomo, tena mapema, kabla ya kupiga picha nyingine.