Nukta Tatu Zinathibitisha Nini? Uhakiki wa Ufundishaji wa Fanksheni za Mstari na Zisizo za Mstari katika Darasa la Nane nchini Marekani

Viwango vya pamoja vya hisabati vilivyotolewa nchini Marekani mwaka 2010, kwa uratibu wa taasisi mbili zinazowaunganisha magavana na wakuu wa elimu wa majimbo, vinamtaka mwanafunzi wa darasa la nane, ambaye kwa kawaida ana umri wa miaka 13 au 14, atofautishe fanksheni za mstari na zisizo za mstari. Fanksheni ni kanuni inayoipa kila thamani inayoingia thamani moja tu inayotoka. Kwa mujibu wa kiwango chenye alama 8.F.A.3, mlinganyo y = mx + b huwakilisha fanksheni ya mstari, ambayo grafu yake ni mstari mnyoofu; mwanafunzi hutakiwa pia kutoa mifano ya fanksheni ambazo si za mstari. Uhakiki huu unadai kwamba kiwango hicho kina msingi sahihi, lakini kinaacha bila kuelezwa tofauti ya kimantiki ambayo utambuzi wote unaitegemea: nukta chache zinaweza kukanusha dai kwamba fanksheni ni ya mstari, lakini zenyewe tu haziwezi kulithibitisha.

Ubora wa kiwango unaonekana katika mfano kinaoutoa. Eneo la mraba, A = s², si fanksheni ya mstari ya urefu wa upande, kwa sababu nukta (1, 1), (2, 4) na (3, 9) haziko kwenye mstari mmoja mnyoofu. Hoja hii imekamilika. Hakuna nukta ya nne inayoweza kuongezwa ikazinyoosha zile tatu. Aidha, mfano huo unamwonyesha mwanafunzi mpaka wa dhana. Anayeoneshwa fanksheni za mstari pekee hana cha kulinganishia, hivyo huishia kudhani kwamba kila fanksheni ni ya aina hiyo.

Tatizo linaanza pale hoja hiyo inapogeuzwa. Swali lililozoeleka humpa mwanafunzi jedwali lenye jozi tatu au nne za thamani na kumtaka aamue kama fanksheni ni ya mstari. Tofauti kati ya thamani za y zikilingana, jibu linalotarajiwa ni "ndiyo". Ichukuliwe fanksheni y = x + (x − 1)(x − 2)(x − 3). Thamani za x zikiwa 1, 2 na 3, thamani za y ni 1, 2 na 3 vilevile, na jedwali linaonekana kunyooka kabisa. x ikiwa 4, y ni 10. Mwanafunzi aliyejibu "ndiyo" kwa kutazama jozi tatu za mwanzo hakukosea hesabu yoyote. Alifuata kanuni isiyo ya kweli. Kuongeza jozi ya nne au ya kumi hakuondoi kasoro hiyo, kwa kuwa kwa nukta zozote zenye idadi kikomo zilizo kwenye mstari mnyoofu inaweza kutungwa fanksheni isiyo ya mstari inayopita katika zote.

Kasoro ya pili inatokana na majedwali ambayo x huongezeka kwa moja kila mara. Mazoea hayo humfundisha mwanafunzi kutazama safu ya y peke yake. Akipewa x = 1, 2, 4, 7 pamoja na y = 5, 8, 14, 23, huona tofauti za 3, 6 na 9, akakataa kwamba ni fanksheni ya mstari, ingawa thamani zote zinatosheleza y = 3x + 2. Kinyume chake, akipewa x = 1, 2, 4, 8 na y = 3, 6, 9, 12, huona tofauti ya 3 kila mahali na kukubali, ilhali nukta hizo haziko kwenye mstari mmoja. Katika hali zote mbili alichokiacha ni uwiano wa badiliko la y kwa badiliko la x. Uwiano huo ndio mteremko, na kutobadilika kwake popote ndiko kunakoifanya fanksheni kuwa ya mstari.

Kigezo cha umbo la mlinganyo nacho kina mtego wake. Kanuni ya haraka husema kwamba penye kipeo cha pili hapana fanksheni ya mstari. Hata hivyo, y = x(x + 3) − x² ikirahisishwa ni y = 3x. Kwa upande mwingine, y = 2ˣ haina kipeo cha pili, lakini thamani zake ni 1, 2, 4 na 8 wakati x ni 0, 1, 2 na 3. Mlinganyo unaweza kuthibitisha, jambo ambalo jedwali haliwezi, mradi usomwe kwa kurahisishwa na si kwa kutazamwa juujuu.

Madhara ya kulegea huku yameandikwa. Dirk De Bock, Wim Van Dooren, Dirk Janssens na Lieven Verschaffel wa Ubelgiji, katika kitabu chao cha mwaka 2007 kuhusu njozi ya umstari, walionyesha jinsi wanafunzi wanavyotumia uwiano wa moja kwa moja hata pasipostahili, hasa katika maswali ya ukuzaji wa maumbo. Mfano mmoja unatosha kufafanua jambo hilo. Shamba la mraba lenye upande wa mita 20 linahitaji kilo 5 za mbolea. Lenye upande wa mita 60 litahitaji kilo ngapi? Jibu linalokuja upesi ni 15, lakini jibu sahihi ni 45, kwa kuwa mbolea hufuata eneo. Waya wa kuzungushia mashamba hayohayo, ukiwa wa mzunguko mmoja, huongezeka kutoka mita 80 hadi mita 240, yaani mara tatu tu. Kinachotofautisha waya na mbolea ni muundo wa hali yenyewe, na hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kupata sababu ya kusema "ni ya mstari" bila kubahatisha.

Viwango vyenyewe vina nyenzo za kurekebisha kasoro hii. Kiwango 8.F.B.4 kinaruhusu mteremko upatikane kwa jozi mbili tu za thamani, na hilo ni sahihi kwa sababu tayari imekubaliwa kwamba uhusiano ni wa mstari. Kiwango 8.SP.A.2, upande wa takwimu, kinamtaka mwanafunzi achore mstari unaokaribiana na nukta zilizotawanyika na kupima jinsi unavyozifaa. Hivyo, katika mwaka mmoja nukta hutumika kukanusha, kukokotoa na kukadiria. Mwanafunzi asipoambiwa ni kazi ipi inayofanywa, huzichanganya zote tatu.

Inaweza kupingwa kwamba mantiki hii ni nzito kwa umri huo. Pingamizi hilo halina nguvu kubwa. Mtoto wa miaka 13 anaelewa kwamba kumwona mtu mmoja mwongo kunatosha kuvunja dai kwamba kijiji kizima ni wakweli, na kwamba kukutana na wakweli watatu hakulithibitishi dai hilo.

Kwa watafiti wanaoandika Kiswahili lipo suala la istilahi. Neno "mstari" halibebi maana ya unyoofu, kwani mstari uliopinda nao ni mstari. Atakayefundisha "fanksheni ya mstari" bila kutaja mstari mnyoofu na mteremko usiobadilika atakuwa ameacha sehemu muhimu ya dhana nje ya jina lake.

Marekebisho yanayopendekezwa ni madogo. Maswali ya majedwali yawe na majibu mawili: "si ya mstari" na "taarifa hazitoshi". Jibu la "ni ya mstari" lihifadhiwe kwa mlinganyo uliorahisishwa au hali iliyoelezwa kikamilifu, na mwanafunzi atakiwe kutaja kinachomhakikishia kwamba mteremko haubadiliki. Nyongeza katika x ziwe zisizolingana mara kwa mara. Mtahini anayetoa alama kwa "ndiyo" iliyotokana na jozi tatu anapima mazoea ya mwanafunzi, wala hapimi uelewa wake.