Ganzi, Nusukaputi na Kurithi: Maneno Matatu Katika Tiba ya Meno

Miongoni mwa tafsiri za maelezo ya hospitali tulizopata kuzipitia, zimo zinazohusu matibabu ya meno kwa watoto wenye himofilia. Ugonjwa huu ni wa nadra. Hutokana na kasoro ya jeni, na aghalabu huwapata wavulana. Damu yao hukawia kuganda kwa kupungukiwa na protini maalumu. Kwa watoto hawa neno lililotumiwa ovyo laweza kuleta madhara.

Kosa la kwanza ni kuchanganya ganzi na nusukaputi, kwani wafasiri wengi huandika "dawa ya usingizi" kwa zote mbili. Ganzi huondoa maumivu mahali pamoja, na mtoto hubaki macho. Neno lenyewe si geni kwa meno: aliyekula ukwaju husema meno yamekufa ganzi. Nusukaputi humlaza mtoto asijitambue. Mzazi asiyeelezwa ni ipi itakayotumika hatajua kama ampe mwanawe chakula au amfungishe kwa muda wa saa 6 kabla ya tiba, asije akatapika na matapishi yakaingia mapafuni.

La pili ni kuita kila sindano "sindano ya ganzi". Sindano ya ufizini si sawa na ile ichomwayo nyuma ya taya la chini ili kufisha neva nzima. Hii ya pili ikitangulia kabla mgonjwa hajapewa protini aliyopungukiwa, damu yaweza kuvujia ndani hadi kooni na kuziba pumzi. Twapendekeza ganzi ya ufizi na ganzi ya neva.

La tatu ni "ugonjwa wa kurithi". Takriban theluthi moja ya wenye himofilia hawana ndugu yeyote ajulikanaye kuwa nayo. Mama akiulizwa kama mtoto ana ugonjwa wa kurithi, atajibu hapana kwa moyo mweupe, na jino litang'olewa. "Ugonjwa wa jeni" ni usemi sahihi zaidi kwa wataalamu, lakini mama hautamfaa. Kwake liwekwe swali la wazi: mtoto akijikata, hutoka damu kwa muda mrefu?

Hatudai kwamba wananchi waache mazoea yao ya kusema. Tudaicho ni kwamba mfasiri asiunganishe alichokitenganisha daktari.