Makumbusho Yanakumbusha Nini?

Mwanafunzi mmoja anayetoka Bugarama, huku kwetu kwenye mwambao wa Tanganyika, aliuliza swali ambalo sikulijibu vizuri. Tulikuwa tukichambua unyambuaji wa kitenzi kumbuka. Akasema: "Mwalimu, kama makumbusho ni mahali pa kukumbusha, makumbusho ya sanaa ya kisasa yanakumbusha nini, na mchoraji bado yu hai?" Wenzake walicheka. Mimi nilijificha nyuma ya viambishi mpaka kipindi kikaisha.

Nimelifikiria tangu siku ile, na naona jibu limo katika jengo. Matajiri wa siku hizi hupenda kuweka kazi mpya katika nyumba kongwe. Mfaransa François Pinault alifanya hivyo Venice mwaka 2009 katika forodha ya zamani, kisha Paris mwaka 2021 katika jumba la mviringo lililowahi kuwa soko la nafaka. Picha ni za jana na juzi. Kinachokumbuka ni ukuta. Wanaolisifu jumba la Paris aghalabu husahau jambo moja: ni mali ya jiji, naye amepewa kwa mkataba wa miaka 50 tu.

Afrika Mashariki tunao mfano wetu, nao ni Nairobi Gallery. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya mkuu wa jimbo wakati wa ukoloni, na humo ndimo vizazi, ndoa na vifo vilimoandikishwa. Leo linahifadhi sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 1966, na mkewe Sheila. Sehemu nyingine imo katika Nyaraka za Taifa, jengo lililokuwa Benki ya India. Murumbi hakuwa mpenzi wa vinyago vya kale peke yake. Mwaka 1972 yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage, ambako wasanii waliokuwa hai walionyesha na kuuza kazi zao.

Mageuzi hayo nayaona mazuri kuliko ya Venice. Mlango ambao watu waliingia kuandikwa katika daftari la mkoloni, sasa wanaingia kutazama alichokichagua Mkenya mwenzao. Hakuna picha ukutani inayoweza kusema hayo peke yake.

Hata hivyo, si pale Murumbi alipopataka. Miaka ya 1970 aliiuzia serikali mkusanyiko wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, kwa matumaini kwamba nyumba hiyo ingekuwa taasisi ya taaluma za Kiafrika. Iliachwa ikachakaa, ikabomolewa. Vitu vilisalia, nyumba haikusalia. Alifariki mwaka 1990.

Kwa nini niwasumbue nayo wasomaji wa Rumonge na Bugarama? Kwa sababu mwambao huu ulipokea Kiswahili pamoja na biashara ya ziwani ya karne ya 19, na nyumba za zamani zilizobaki ni za familia, si za serikali. Akija mtu mwenye fedha na picha, swali la kwanza liwe: hati ya nyumba inabaki kwa nani, na kwa miaka mingapi? La pili linatuhusu sisi wa lugha: maelezo ya ukutani yataandikwa kwa lugha gani? Yakiwa ya Kifaransa pekee, bibi aliyezaliwa katika chumba kile atakuwa mgeni ndani yake.

Basi mwanafunzi wangu nimempa kazi. Achague nyumba moja kongwe anayoijua, aandike maelezo ya mistari mitano, kwa Kirundi na kwa Kiswahili, kana kwamba yatatundikwa mlangoni. Amekwisha kulalamika kwamba mitano haitoshi.