John Brown: Nia Njema na Damu ya Haramu

 

Mwaka 2005 mwanahistoria wa Kimarekani, David S. Reynolds, alitoa kitabu kikubwa juu ya John Brown, Mkristo mweupe aliyenyongwa Virginia tarehe 2 Desemba 1859 kwa kujaribu kuwakomboa watumwa kwa silaha. Jalada lake tu lina madai matatu: kwamba mtu huyu aliua utumwa, akawasha vita vya wenyewe kwa wenyewe, na akapanda mbegu ya haki za raia. Ni kitabu chenye elimu nyingi. Lakini wapo ndugu zetu wanaomchukua Brown kuwa kigezo cha kuondosha munkari kwa mkono, na hapo hatuna budi kusimama.

Dhulma aliyoipinga haina ubishi. Kufikia 1860 watumwa nchini humo walikuwa karibu milioni 4. Miongoni mwa waliopelekwa huko walikuwemo Waislamu wa Afrika Magharibi, kama Omar ibn Said wa Futa Toro, aliyetekwa mwaka 1807 na akaandika maisha yake kwa Kiarabu mwaka 1831, akianza na Surat al-Mulk. Kumuuza mtu huru ni batili kwa ijmai, na Hadithi Qudsi aliyoipokea Bukhari inamhesabu muuzaji wa namna hiyo kuwa hasimu wa Allah Siku ya Kiyama. (Nasi wa pwani tusijitoe: utumwa Zanzibar haukufutwa kisheria mpaka 1897.)

Sasa tuje Kansas. Tarehe 21 Mei 1856 watetezi wa utumwa waliuvamia mji wa Lawrence. Usiku wa tarehe 24, Brown na wenzake, wakiwemo wanawe, walikwenda kwenye nyumba za wafuasi wa upande ule karibu na kijito cha Pottawatomie. Waliwatoa watu watano na kuwaua, wengi wao kwa mapanga. Watatu walikuwa James Doyle na wanawe wawili, watu ambao hawakumiliki mtumwa hata mmoja. Mkewe, Mahala, alilia akaachiwa mwanawe wa tatu, kijana wa miaka 16.

Reynolds hakatai kuwa huo ulikuwa uhalifu, ila anauweka ndani ya hoja kwamba utumwa wenyewe ulikuwa vita. Hoja hii ina uzito kisiasa, lakini kifiqhi haitoshi. Mlango wa kumzuia mshambuliaji, daf'u as-sa'il, unataka shambulio liwepo au liwe karibu, na mzuiaji aanze na lililo jepesi. Mtu aliyetolewa kitandani mbele ya mkewe hashambulii. Kama ni kisasi cha Lawrence, basi Qur'ani katika Surat al-An'am aya ya 164 imekataa mtu kubebeshwa mzigo wa mwingine. Na Hadithi ya nia haijapata kuifanya haramu kuwa halali.

Harpers Ferry ni jambo jingine. Usiku wa tarehe 16 Oktoba 1859 Brown na watu 21 waliteka ghala la silaha la serikali wakitaraji watumwa wainuke. Hapa anayemtetea anaweza kushika maneno ya Imam al-Ghazali katika Ihya, kwani katika daraja ya mwisho ya hisba, ya kukusanya wasaidizi wenye silaha, ametaja khitilafu juu ya idhini ya kiongozi na akaelekea kwa wasioishurutisha. Lakini maulamaa wanashurutisha pia kuwa munkari usizae mkubwa zaidi. Frederick Douglass, aliyekuwa mtumwa mwenyewe, alimwambia Brown kabla ya tukio kuwa anaingia mtegoni, akakataa kwenda. Wa kwanza kuuawa na watu wa Brown alikuwa Heyward Shepherd, mweusi huru aliyekuwa mpagazi wa reli. Wavamizi kumi walikufa papo hapo, wakiwemo watoto wawili wa Brown.

Je, ndiye aliyeleta vita? Hofu iliyoenea Kusini na wanamgambo walioanza kujizatiti ni ushahidi mzito kwa Reynolds. Hata hivyo Lincoln alishinda Novemba 1860 kwa sababu pia chama cha Democratic kilikuwa kimegawanyika, na ugomvi wa kueneza utumwa magharibi ulikuwa wa miaka mingi. Kusema Brown "aliua utumwa" ni kuwadhulumu askari weusi karibu 180,000 waliopigana, katika vita vilivyoua zaidi ya watu 600,000.

Jambo moja lingetaka fakihi kulipima. Surat al-Isra aya ya 33 inampa walii wa aliyeuawa haki yake. Brown alihukumiwa kwa uhaini dhidi ya Virginia, kwa mauaji ya Harpers Ferry na kwa kuchochea watumwa. Damu ya Pottawatomie haikuwemo katika mashitaka. Mahala Doyle alimwandikia gerezani, akimweleza kuwa yule mwanawe aliyemwombea uhai amekua, na anatamani awepo siku ya kunyongwa.